Jinsi ya kuandika wasifu wa jaji wa Pakistan: anza na tarehe, vyeo vitafuata

Mwishoni mwa Mei 2011, mahakama ya kimataifa iliyokuwa ikisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda pale Arusha ilipata rais mpya, Jaji Khalida Rachid Khan wa Pakistan. Nilikuwa mwandishi wa redio wakati huo. Nilikuwa nimeshamwona mara nyingi kupitia kile kioo kilichotutenga wasikilizaji na ukumbi, vipokea sauti masikioni, nikichagua kati ya Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Wasifu wake niliuandika kwa nusu saa: mzaliwa wa Peshawar, hakimu mwaka 1974, jaji wa Mahakama Kuu ya Peshawar mwaka 1994, Arusha mwaka 2003. Mistari minne. Nikampelekea mhariri.

Mzee yule hakusoma kitu bila penseli mkononi. Akazungushia 1974, akazungushia 1994, akaziunganisha kwa mstari mrefu, akaniuliza: "Mwanangu, miaka 20 hii alikuwa wapi?"

Sikujua. Ilinichukua siku kadhaa za kusoma kupata jibu, na jibu lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba alikuwa akipanda ngazi za mahakama za chini, kutoka hakimu wa madai hadi jaji wa wilaya, kazi ya miaka mingi isiyoandikwa magazetini. Ya pili ndiyo iliyonishtua: hadi 1994 hakukuwa na mwanamke hata mmoja katika Mahakama Kuu yoyote ya Pakistan. Mwaka huo serikali ya Benazir Bhutto iliteua wanawake kadhaa kwa mpigo, naye akawa mmoja wao. Ule mstari wa penseli ulikuwa umepita juu ya mlango uliofungwa, na mimi nilikuwa nimeuruka kwa alama ya mkato.

Tangu hapo majaji wa Pakistan wamekuwa sehemu ya maisha yangu. Vijana wanaoanza kazi huniuliza waanzie wapi wakitakiwa kuandika habari za jaji wa nchi ile, maana majina yake yanatajwa sana kila kesi kubwa ya siasa inapofika mahakamani. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema Mahakama Kuu nina maana ya zile tano: ya Lahore kwa jimbo la Punjab, ya Sindh iliyoko Karachi, ya Peshawar, ya Balochistan iliyoko Quetta, na ya Islamabad, ambayo ndiyo changa kuliko zote. Nikisema Mahakama ya Juu ni ile moja iliyo juu ya hizo, yenye makao Islamabad. Ukichanganya hizi mbili katika aya ya kwanza, msomaji wa Pakistan ataacha kukuamini kabla hajafika aya ya pili.

Chukua karatasi, piga mistari

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, chora jedwali kwa mkono. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni tukio katika maisha ya jaji, ya tatu ni nani alikuwa akitawala nchi siku hiyo, ya nne ni nani mwingine alikuwa akisubiri nafasi ileile. Safu mbili za mwisho ndizo wengi huziacha, na ndizo zinazobeba hadithi.

Mstari wa kwanza kabisa ni siku ya kuzaliwa. Kwa jaji wa Pakistan siku hiyo ni saa inayohesabu kurudi nyuma. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akifika miaka 62, wa Mahakama ya Juu akifika 65. Andika tarehe hizo mbili pembeni mara tu unapopata ile ya kuzaliwa, kisha uangalie nini kilitokea karibu nazo.

Mfano ninaoutumia kila mara ni wa Jawwad S. Khawaja. Alizaliwa 10 Septemba 1950. Akawa Jaji Mkuu wa Pakistan 17 Agosti 2015, akastaafu 9 Septemba mwaka huohuo. Siku 23 tu. Asiyehesabu tarehe ataandika kwamba "aliongoza Mahakama kwa muda mfupi" na kuendelea na safari. Aliyehesabu atajiuliza mtu anayejua ana siku 23 huzitumia vipi. Tarehe 8 Septemba, akiwa amebakiza siku moja, alitoa hukumu iliyoamuru serikali itekeleze kifungu cha 251 cha Katiba na kuanza kutumia Kiurdu kama lugha rasmi. Katiba ya 1973 ilikuwa imetoa miaka 15 kwa kazi hiyo, na muda huo ulikwisha zamani. Kwangu mimi, niliyefanya kazi ya habari kwa Kiswahili maisha yangu yote, hukumu ile haikuwa jambo dogo, na nisingeiona kama nisingekuwa nimeandika "siku 23" pembeni mwa karatasi.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 1978 majaji 9 wa Mahakama ya Juu walianza kusikiliza rufaa ya Zulfikar Ali Bhutto, waziri mkuu aliyepinduliwa na kuhukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu ya Lahore. Kesi ikiendelea, Jaji Qaisar Khan akafikia umri wa kustaafu, akaondoka. Baadaye Jaji Waheeduddin Ahmad akaugua, naye akatoka. Wakabaki 7. Tarehe 6 Februari 1979 wanne walikubali kifo, watatu walikataa. Bhutto alinyongwa 4 Aprili. Sitaki kukuambia wale wawili wangepiga kura gani; hilo hakuna ajuaye. Ninachotaka ni uone kwamba siku ya kuzaliwa ya jaji mmoja ilibadilisha hesabu ya jopo, na kwamba wasifu wa Qaisar Khan usiotaja hilo haujamtaja Qaisar Khan.

Aliingilia mlango upi?

Kuna milango miwili ya kuingia Mahakama Kuu. Mmoja ni wa mawakili: mtu aliyefanya uwakili wa Mahakama Kuu kwa angalau miaka 10. Mwingine ni wa utumishi: mtu aliyeanza kama hakimu wa chini na kukaa miaka 10 katika kazi ya uamuzi. Wengi wa majaji mashuhuri walipita mlango wa kwanza, wakiwa na chemba zao, wateja wao na marafiki zao katika vyama vya mawakili. Waliopita mlango wa pili ni wachache na hawana kelele, kwa hiyo ukikutana na mmoja wao, mpe nafasi.

Tahira Safdar ni wa mlango wa pili. Alianza kazi Balochistan mwaka 1982, mwanamke wa kwanza kuwa hakimu wa madai katika jimbo lile, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Septemba 2018 akawa Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya Balochistan, mwanamke wa kwanza kuongoza Mahakama Kuu yoyote nchini. Kati ya tarehe hizo mbili alikaa kwenye mahakama maalumu iliyomshtaki Jenerali Pervez Musharraf kwa uhaini, na Machi 2014 ndiye aliyemsomea mashtaka yake. Miaka 32 kutoka meza ya hakimu wa Quetta hadi kumsomea mashtaka mtawala wa zamani wa kijeshi. Safari kama hiyo haitaki vivumishi, inataka tarehe zake zipangwe vizuri.

Angalia pia neno "jaji wa nyongeza". Jaji mpya wa Mahakama Kuu kwa kawaida huanza hivyo kwa muda, kisha anathibitishwa, au hathibitishwi na anarudi kwenye uwakili wake. Kuna tarehe mbili hapo, ya kuapishwa na ya kuthibitishwa, na zote mbili ziingie kwenye jedwali.

Halafu kuna wanaoruka ngazi zote, na hapo lazima uulize sababu. Qazi Faez Isa alikuwa wakili. Agosti 2009 akawa Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya Balochistan moja kwa moja, bila kuwa jaji wa kawaida hata siku moja. Ukiandika hivyo tu, utaonekana unadokeza upendeleo. Rudi nyuma siku chache kwenye safu ya matukio: 31 Julai 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba utawala wa dharura aliouweka Musharraf Novemba 2007 ulikuwa kinyume cha Katiba, na majaji walioapa chini yake hawakuwa na uhalali. Majaji wote wa Balochistan walikuwa wameapa. Wakaondoka wote. Mahakama Kuu nzima ikabaki bila jaji, na mtu mmoja akaitwa kuianzisha upya.

Nani alikuwa mbele yake kwenye foleni

Majaji wa Pakistan wanahesabiana ukongwe kwa tarehe ya kiapo. Walioapa siku moja, mwenye umri mkubwa hutangulia. Foleni hii ina uzito mkubwa, kwa sababu kwa miaka mingi ndiyo iliyoamua nani atakuwa Jaji Mkuu.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1994 Sajjad Ali Shah alifanywa Jaji Mkuu wa Pakistan huku wakongwe wake wakiachwa wamekaa. Mwaka 1996, chini yake yeye mwenyewe, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu iitwayo kesi ya majaji, PLD 1996 SC 324 (alama hizi nitazieleza mbele), iliyosema ukongwe uheshimiwe. Mwaka uliofuata, alipogombana na Waziri Mkuu Nawaz Sharif, hoja hiyohiyo ya ukongwe ilitumiwa na majaji wenzake kumng'oa. Tarehe 28 Novemba 1997 umati ulivamia jengo la Mahakama ya Juu kesi ya waziri mkuu ikisikilizwa. Mtu anayeandika wasifu wa Sajjad Ali Shah bila kutaja waliorukwa mwaka 1994 ataishia kutoelewa kilichompata mwaka 1997.

Baada ya hapo, kwa takriban robo karne, foleni ilikuwa wazi kiasi kwamba mtu mwenye tarehe za kuzaliwa na za viapo angeweza kukuambia nani atakuwa Jaji Mkuu miaka 10 ijayo na kwa siku ngapi. Nilikuwa na karatasi kama hiyo, nimeibandika ndani ya kabati. Oktoba 2024 niliibandua. Marekebisho ya 26 ya Katiba yaliamua kwamba Jaji Mkuu atachaguliwa na kamati ya bunge kutoka kwa wakongwe watatu, na atakaa miaka 3. Mansoor Ali Shah alikuwa wa kwanza kwenye foleni, Munib Akhtar wa pili, Yahya Afridi wa tatu. Kamati ikamchagua wa tatu, akaapishwa 26 Oktoba 2024.

Kwa hiyo usiandike "alipandishwa" na kuweka nukta. Andika alipandishwa mbele ya nani.

Kuwa mwangalifu, lakini, usigeuze kila kuruka kuwa dhambi. Ayesha Malik wa Mahakama Kuu ya Lahore hakuwa mkongwe kuliko wote pale alipopendekezwa kwenda Mahakama ya Juu. Septemba 2021 Tume ya Majaji iligawanyika 4 kwa 4, jina likakwama. Januari 2022 ilipiga kura tena, 5 kwa 4. Vyama vya mawakili vilisusia mahakama kwa ajili ya kanuni ya ukongwe. Tarehe 24 Januari 2022 akaapishwa, mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu tangu nchi ipate uhuru mwaka 1947. Waliopinga walikuwa na hoja ya kweli kuhusu foleni isiyo na kanuni. Waliounga mkono nao walikuwa na hoja: wanawake waliruhusiwa kupanga foleni juzi tu, wangefikaje mbele? Hapo nilikumbuka ule mstari wa penseli. Wasifu mzuri unabeba hoja zote mbili bila kumficha msomaji yoyote.

Kiapo

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi.

Mara tatu watawala wa kijeshi wa Pakistan walisimamisha Katiba au sehemu yake na kuwataka majaji waape upya, safari hii kwa amri ya mtawala: Zia-ul-Haq mwaka 1981, Musharraf Januari 2000, na Musharraf tena 3 Novemba 2007. Amri hizo zinaitwa kwa kifupi PCO (Provisional Constitutional Order, yaani amri ya muda ya katiba), na ukiwasikia mawakili wa Pakistan wakisema "jaji wa PCO", ujue hawamsifu mtu. Kila jaji aliyekuwa kazini moja ya siku hizo alitakiwa kuchagua, na mara nyingine kwa saa chache tu. Basi chora mistari mitatu minene kwenye jedwali lako, 1981, 2000, 2007, na uone jaji wako alikuwa wapi kila mmoja ulipopita.

Majibu yako yatakuwa manne, si mawili: aliapa, alikataa, hakuitwa kuapa, au hakuwa jaji bado. Lile la tatu hulipata kwa kusoma polepole, kwa sababu mtawala naye alikuwa akichagua. Jaji ambaye hakualikwa amefukuzwa, na hilo si sawa na kukataa.

Linganisha watu wawili. Dorab Patel na Muhammad Haleem walikuwa miongoni mwa wale watatu waliopinga Bhutto kunyongwa. Wa tatu wao alikuwa Ghulam Safdar Shah. Mwaka 1981 Patel, Mparsi aliyekuwa juu kwenye foleni ya Ujaji Mkuu, alikataa kuapa akaenda nyumbani. Haleem aliapa, akawa Jaji Mkuu hadi 1989. Patel alikuja kuwa mmoja wa waasisi wa Tume ya Haki za Binadamu ya Pakistan, pamoja na wakili Asma Jahangir. Kura ileile 1979, njia panda 1981. Na Jaji Mkuu Anwarul Haq, aliyehalalisha mapinduzi ya Zia mwaka 1977 na kuongoza jopo lililoidhinisha kifo cha Bhutto? Naye alikataa kuapa mwaka 1981. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilirudi kuhakiki, maana nilikuwa nimeshampangia mahali pake kichwani.

Ndiyo maana sipendi wasifu unaompaka jaji rangi moja. Saeeduzzaman Siddiqui alikuwa Jaji Mkuu Januari 2000. Alikataa kuapa kwa Musharraf, na majaji watano wenzake wakakataa pamoja naye. Tukio zuri, linastahili aya yake. Lakini mwaka 1997 alikuwa kiongozi wa majaji waliomwasi Sajjad Ali Shah, na hilo pia ni lake.

Iftikhar Chaudhry ndiye mfano mkubwa kuliko wote. Dunia inamjua kwa mwaka 2007: 9 Machi Musharraf alimsimamisha, mawakili wakaingia barabarani wakiwa na koti nyeusi, 20 Julai akarudishwa na wenzake, 3 Novemba akaondolewa tena, na Machi 2009 akarejea baada ya maandamano marefu ya kuelekea Islamabad. Yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwaka 2000 aliapa chini ya amri ya Musharraf huyohuyo, akapelekwa Mahakama ya Juu, na akakaa kwenye jopo la Mei 2000 lililohalalisha mapinduzi, PLD 2000 SC 869. Niliwahi kuona wasifu wake unaoanza 2005 alipokuwa Jaji Mkuu. Mwandishi aliona miaka ya mwanzo ingeharibu picha. Kwangu miaka hiyo ndiyo inayompa mtu kimo, kwa sababu aliyesema hapana mwaka 2007 alikuwa amewahi kusema ndiyo.

Na Khawaja, yule wa siku 23? Machi 2007 Jaji Mkuu aliposimamishwa, yeye alijiuzulu Mahakama Kuu ya Lahore. Mwaka 2009 akaitwa Mahakama ya Juu.

Soma hukumu, hata tatu tu

Usiogope alama kama PLD 1972 SC 139. PLD ni mfululizo wa vitabu vya hukumu, 1972 ni mwaka wa kitabu, SC ni Mahakama ya Juu, 139 ni ukurasa. Ukijua hilo unaweza kumwomba mtunza maktaba yoyote ya sheria akutafutie. Hiyo niliyoitaja ni kesi ya Asma Jilani, ambamo Mahakama ya Juu ilikana hukumu yake ya zamani, PLD 1958 SC 533, iliyokuwa imesema mapinduzi yakifanikiwa yanakuwa halali. Ile ya 1958 ilitolewa 27 Oktoba, siku 20 tu baada ya Rais Iskander Mirza kutangaza utawala wa kijeshi, na usiku uleule Jenerali Ayub Khan akamwondoa Mirza. Tazama tena safu yako ya tatu.

Kwa kila jaji chagua hukumu moja aliyoiandika kwa niaba ya wengi, moja aliyotofautiana na wenzake, na moja inayomgusa mtu asiye na jina. Ile ya kutofautiana humwonyesha jaji akiwa peke yake. Mwaka 1955, Mahakama ilipokubali kuvunjwa kwa Bunge la Katiba katika kesi ya Maulvi Tamizuddin Khan, Jaji Mkuu Muhammad Munir aliandika kwa niaba ya wengi. A. R. Cornelius alipinga, peke yake. Alikuwa Mkristo, mzaliwa wa Agra, aliyesoma Cambridge, na miaka 5 baadaye akawa Jaji Mkuu. Wengi humkumbuka kwa sababu ya dini yake katika nchi ya Kiislamu. Mimi ningeanza na hukumu ile ya 1955.

Kwa ile ya tatu, Ayesha Malik tena: Januari 2021, akiwa Lahore, alipiga marufuku "kipimo cha vidole viwili" kilichofanywa kwa wanawake waliobakwa, akisema hakina msingi wa kitabibu na kinamdhalilisha mlalamikaji.

Malalamiko dhidi ya jaji

Kifungu cha 209 cha Katiba kinaunda Baraza Kuu la Majaji, linalochunguza majaji wenzao. Hapa kosa la neno moja laweza kumwonea mtu. Tofautisha aliyelalamikiwa, aliyeshtakiwa rasmi mbele ya Baraza, aliyejiuzulu shauri likiendelea, na aliyeondolewa. Shauri dhidi ya Qazi Faez Isa lilifunguliwa mwaka 2019 na likafutwa na Mahakama ya Juu Juni 2020. Kuandika "aliyekabiliwa na tuhuma" bila kusema zilifutwa si haki.

Kisa cha Shaukat Aziz Siddiqui wa Mahakama Kuu ya Islamabad kinaniuma. Mwaka 2018 alitoa hotuba mbele ya mawakili wa Rawalpindi akiituhumu idara ya ujasusi kuingilia mahakama. Oktoba mwaka huo aliondolewa. Machi 2024 Mahakama ya Juu iliamua kuondolewa kwake kulikuwa batili. Lakini hakurudi kitini, kwa sababu miaka 62 yake ilikuwa imekwisha kesi ikisubiri. Akahesabiwa kuwa jaji mstaafu. Ukiandika "alishinda kesi" umesema kweli. Kamilisha na tarehe.

Kabla ya kutuma

Hakiki cheo cha leo, maana kimebadilika. Novemba 2025 Marekebisho ya 27 yaliunda Mahakama ya Katiba ya Shirikisho, na Aminuddin Khan akawa Jaji Mkuu wake wa kwanza. Mansoor Ali Shah na Athar Minallah walijiuzulu Mahakama ya Juu kwa kupinga. Kwa hiyo unapotaja jaji mkuu, taja na mahakama yake.

Maisha baada ya kustaafu yapate sentensi mbili tatu, si zaidi, ila zisikose. Munir alikuwa waziri wa sheria wa Ayub Khan mwaka 1962. Cornelius naye alishika wizara hiyo chini ya mtawala wa kijeshi Yahya Khan, kisha akaishi hadi kifo chake mwaka 1991 katika hoteli ya Faletti's mjini Lahore, ambako alikuwa amekaa miaka mingi. Siddiqui wa mwaka 2000 alikuwa gavana wa Sindh kwa majuma machache, akafa Januari 2017 akiwa kazini.

Mzee wangu wa penseli hakupata kuona wasifu wa pili wa Jaji Khalida. Niliuandika baadaye, nao ulisomwa hewani hivi:

"Alipoanza uhakimu mwaka 1974, hakuna mwanamke aliyewahi kukaa Mahakama Kuu nchini kwake. Alisubiri miaka 20 katika mahakama za chini hadi mlango ulipofunguliwa mwaka 1994, akaingia Mahakama Kuu ya Peshawar. Mwaka 2003 alikuja Arusha. Hapa aliongoza jopo pamoja na Jaji Lee Muthoga wa Kenya na Jaji Emile Short wa Ghana katika kesi ya mawaziri wanne wa Rwanda, waliokamatwa mwaka 1999. Kesi ilianza 2003, hukumu ikatoka 30 Septemba 2011. Wawili waliachiwa huru. Wawili walifungwa miaka 30, na Februari 2013 rufaa ikawaachia nao. Jaji Short alitofautiana na wenzake kwa sehemu: aliona washtakiwa walicheleweshewa haki yao."